MAMBO YA NYUMBANI: Mkate Bapa wa Genova

Wasomaji wetu, mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za mkate wa Italia uitwao focaccia. Jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana ya meko, kwa kuwa zamani mikate ya namna hii iliokwa penye moto wa nyumbani. Si mnene kama boflo, wala si mwembamba kama chapati. Kimo chake ni kama vidole viwili vilivyolazwa.

Mikate bapa ya Waitalia ni mingi. Watu wa Romagna hupika piadina, isiyotiwa hamira, juu ya kigae cha moto. Kisiwani Sardinia huoka mkate mkavu mwembamba kama karatasi, ambao wachungaji walichukua walipokwenda mbali na kondoo zao, maana hauharibiki upesi. Na huko Bari hutia viazi vilivyopondwa ndani ya unga, na nyanya juu yake. Hiyo yote twaiacha leo, tuseme ule wa Genova tu.

Genova ni mji wa bandari katika jimbo la Liguria. Nchi ile ni ya milima iliyoshuka hata pwani, nao wenyeji wamejenga kuta za mawe ili kupata matuta ya kulima, wakapanda mizeituni. Kwa hiyo mafuta ya zeituni katika mkate huu si pambo, ndiyo nusu ya ladha yake. Je, mafuta mengine hayafai? Mkate utaiva, tena utalika, lakini hautakuwa huo. Mwenye mafuta ya zeituni kidogo na atie mafuta mengine ndani ya unga, hayo ya thamani ayaweke yamiminwe juu.

Nasi twakiri kwamba mara ya kwanza tuliuharibu. Tulikuwa tumealika wageni saa sita, nasi tukaanza kukanda saa nne. Tulipoona unga wanata mikononi tulidhani tumekosea, tukaongeza unga mkavu. Ukanata tena, tukaongeza tena. Wala hatukuungoja uumuke. Ukatoka tanuruni mgumu kama kigae. Wageni wetu walitafuna kwa adabu, bali mtoto mmoja aliuliza kama kile ni kifuniko cha chungu. Nusu kilo ya unga mzuri na mafuta ya bei ghali vilipotea, na aibu tukabaki nayo sisi.

Basi asiongeze unga mtu yeyote. Kunata ndiko kunakotakiwa. Apake mafuta mikononi, imetosha. Kwa nusu kilo ya unga wa ngano twaa gramu 350 za maji ya uvuguvugu, kijiko kimoja na nusu cha chai cha hamira kavu, gramu 10 za chumvi, na vijiko viwili vikubwa vya mafuta. Kanda, funika, uache muda wa saa moja na nusu, au zaidi kukiwa na baridi, hata donge liwe kubwa mara mbili. Kisha mimina mafuta katika sinia la kuokea, ulitandaze donge kwa viganja. Likirudi nyuma usilivute kwa nguvu. Lipumzishe nusu saa, nalo litatii.

Sasa yaja kazi ambayo watoto huipenda. Bonyeza unga kwa ncha za vidole mpaka karibu na chini, ufanye vishimo kila mahali. Koroga vijiko vinne vikubwa vya maji, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na vijiko viwili vikubwa vya mafuta, ukayamwage juu yake. Wengi huogopa hapa, wakisema mkate utalowa. Haulowi. Maji hukaa vishimoni na kugeuka mvuke, ndiyo maana vishimo hubaki vyeupe na laini, na matuta yaliyo kati yake hukaangwa na mafuta hata yakawa ya rangi ya dhahabu. Uache tena dakika 45, kisha uoke katika moto mkali, digrii 220, kwa dakika 20 hadi 25.

Wasio na tanuru watumie sufuria pana yenye kifuniko cha bati, makaa mengi juu na machache chini, kama waokavyo mkate wa kumimina. Wachungulie mara kwa mara, maana upande wa chini huungua kabla ya juu kuiva.

Watu wa Genova huula mkate huu tangu asubuhi, na wako wanaouchovya katika kahawa yenye maziwa. Jambo hilo lilitushangaza, chumvi pamoja na kahawa, hata tulipojaribu wenyewe. Sasa hatucheki tena. Wengine hugeuza kipande, upande wa chumvi uguse ulimi kwanza. Lakini uliwe siku ile ile, ungali na joto kidogo. Ukilala hukauka, na hapo upashwe moto kidogo juu ya kikaango kabla ya kuletwa mezani.