Magego ya Kupandikiza si Kubadili Maumbile

Wapo wazee wetu waliong'olewa magego wakaridhika na uji, wakihofu kuwa kupandikiza jino ni kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Kilichokatazwa ni kuchonga meno kwa urembo. Arfaja bin As'ad (r.a.) alipoteza pua katika vita vya Kulab, akaweka ya fedha, ilipotoa uvundo, Mtume (s.a.w.) alimwamuru aweke ya dhahabu. Tirmidhi, aliyeipokea hadithi hiyo, ametaja wanazuoni waliofunga meno yao kwa dhahabu.

Leo skrubu ya titani hushikana na mfupa wa taya kwa miezi kadhaa, kisha huvishwa jino lisilovuliwa hata wakati wa udhu. Gharama ni kubwa, na mfupa uliokosa jino husinyaa kadiri mtu anavyochelewa. Enyi vijana mnaochangia harusi kwa ukarimu, mama yenu anatafuna kwa upande gani?