Mbuzi wa Guniani Bandarini

Mkulima wa Ihanja, wilayani Ikungi, anaponunua mbegu ya alizeti iliyothibitishwa hukuta kwenye mfuko lebo ya TOSCI. Kipande hicho cha karatasi humkinga asipande mbegu ya mlanguzi. Lakini mwalimu wa hapo hapo, aliyekopa kwa dhamana ya mshahara ili apate gari la mtumba kutoka Japani, huambiwa rangi, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini, basi. Gari hilo linakula lita ngapi kwa kilometa 100? Linatoa hewa ya ukaa kiasi gani? Hapo muuzaji hugeuka bubu.

Ububu huo una gharama. Yachukuliwe magari mawili, moja likila lita 6 kwa kilometa 100 na jingine lita 11. Kwa mwendo wa kilometa 15,000 kwa mwaka, la pili huteketeza lita 750 zaidi. Na kwa kuwa lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa, gari hilo moja huongeza angani kilo 1,700 na ushei. Fedha ya lita hizo humtoka mwalimu, si muuzaji. Na Singida ni mkoa wa ukame, ambako mvua ikikosea majira njaa hubisha hodi.

Wako wanaodai kwamba lebo ni anasa ya Wazungu. Ni kweli Umoja wa Ulaya uliagiza mwaka 1999 kwamba gari jipya linalouzwa lioneshe matumizi yake ya mafuta na hewa ya ukaa. Lakini Japani nayo hubandika vibandiko vya namna hiyo kwenye magari mapya! Takwimu zipo tangu kiwandani. Mnunuzi wa mtumba ndiye anayenyimwa.

Wengine husema ushuru unatosha, kwani gari chakavu na lenye injini kubwa hutozwa zaidi. Ushuru huo ni wa haki, ila haumfumbui mnunuzi macho: magari mawili ya umri mmoja na injini sawa yaweza kutofautiana sana kwa ulaji wa mafuta. Hoja yenye uzito kidogo ni kwamba injini iliyochoka haifuati tena hesabu ya kiwandani. Basi lebo iseme hivyo waziwazi. Upungufu wa kipimo haujapata kuwa sababu ya kuacha kupima.

Shirika la Viwango, TBS, tayari lina kazi ya kuhakikisha magari hayo yanakaguliwa. Hapana budi sheria iliongezee jukumu la karatasi moja kwenye kioo, na gari lisilo nayo lisisajiliwe.