Nyumba inapogawanywa, makato ya Bodi nayo yasomwe
Na Mwanaidi Lukindo

Ndoa ya watumishi wawili ikivunjika, ugomvi huangukia kwenye nyumba. Kila upande unakuja mahakamani na risiti za saruji na bati, hati ya mauziano ya kiwanja yenye muhuri wa serikali ya mtaa, na shahidi aliyeona nani alimlipa fundi. Hati za mshahara hazipewi uzito huo. Hata zikiletwa, macho yanakimbilia chini kabisa, kwenye kile kilichoingia benki, na mstari wa makato ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu unarukwa. Kwa maoni yangu mstari ule una haki ya mtu ndani yake, na kuuruka ni kumdhulumu.

Makato yenyewe si haba. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ilhali awali ilikuwa asilimia 8. Juu ya hapo, deni lilikuwa likiongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa hoja ya kulinda thamani ya fedha, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoagiza mwaka 2021 tozo hiyo ifutwe. Waliooana kabla ya hapo wanajua ilivyokuwa: mtu anakatwa mwaka mzima, akiangalia salio anakuta limesogea kidogo mno.

Tuchukue mfano wa mume mwalimu aliyesoma chuo kikuu kwa mkopo, na mke muuguzi ambaye stashahada yake ililipiwa na wazazi. Mshahara wa msingi wa mume ni shilingi milioni 1, kwa hiyo kila mwezi shilingi 150,000 zinakwenda Bodi. Kwa miaka 6 ya ndoa zimekwenda shilingi milioni 10.8. Wakati boma lao linasubiri kupauliwa, mume hawezi kukopa benki kiasi cha maana, kwa sababu mtumishi hatakiwi kukatwa hadi akabaki chini ya theluthi moja ya mshahara, na Bodi imeshachukua nafasi yake. Anayekwenda kukopa ni mke. Mbao, bati na madirisha yanatoka kwenye mkopo wenye jina lake. Unga, mafuta, umeme wa LUKU na ada ya mtoto navyo vinamwangukia yeye zaidi, maana mfuko wake ndio usio na tundu.

Mwaka wa saba wanaachana. Nyumba inathaminiwa shilingi milioni 80 na deni la benki limebaki milioni 12, hivyo cha kugawana ni milioni 68. Hilo halina ubishi mkubwa, kwa kuwa deni la benki liliingia kwenye paa na kila mtu analiona. Ubishi unaanzia kwenye shilingi milioni 4 ambazo mume bado anadaiwa na Bodi. Anasema, “Mshahara ule tulikula wote, basi na deni tugawane.” Mke anajibu kwamba shahada hawagawani, anaondoka nayo mwenyewe.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama iangalie mila na desturi za wahusika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya kuyazingatia hayo, mahakama ielekee kwenye usawa. Kwa kipimo cha madeni, mume wetu hana hoja. Alisaini mkopo ule akiwa kijana wa chuo, hamjui hata huyo mke. Deni lililobaki ni lake.

Wengi wakishafika hapo hufunga jalada. Mimi naona ndipo hesabu inapoanza, kwa sababu bado kuna kipimo cha mchango. Zile milioni 10.8 zilizokwisha kulipwa zilitoka ndani ya ndoa. Zingeweza kununua tofali, zikaenda kulipa deni lililoingia na mtu siku ya harusi, na pengo lake likazibwa na mke kwa vitu visivyoacha risiti. Hakuna anayetunza risiti ya unga. Ukipima mchango wake kwa risiti za saruji peke yake, umempunja, na ukimwambia mume alitoa kidogo kwa sababu alikuwa anakatwa, umetaja sababu tu; aliyebeba mzigo bado ni yule mwingine.

Mawakili wetu wanaipenda sana kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983, na wana haki kuipenda. Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kinachosemwa kwa nadra ni kwamba Bi Hawa mwenyewe aliishia mikono mitupu. Mahakama iliona mumewe aliwahi kumpa fedha kwa ajili ya mradi wa familia na hazikutumika ilivyokusudiwa, ikazipima dhidi ya mchango wake, rufaa ikagonga mwamba. Kwa maneno mengine, mahakama iliuliza kila mmoja ameshachota nini kwenye mfuko wa pamoja. Kama swali hilo lilifaa kuulizwa kwa mama wa nyumbani, linafaa pia kuulizwa kwa mwenye shahada aliyelipiwa deni la ujana wake na mfuko huohuo.

Sisemi makato yote yarudishwe nusu kwa nusu kama hesabu ya dukani. Ndoa ikidumu miaka 20, deni likaisha zamani, mshahara wa shahada ukasomesha watoto na kuezeka nyumba, faida imesharudi nyumbani na sioni sababu ya kufukua makato ya kale. Kilio changu ni cha ndoa fupi, ile inayovunjika deni linapokaribia kuisha. Mmoja anatoka na shahada na mshahara utakaoingia karibu wote, mwenzake anatoka na sehemu ya nyumba na makato ya benki yenye jina lake.

Na yuko mwingine ambaye hali yake ni ngumu zaidi, mke asiye na ajira. Bodi humkopesha mwanafunzi kwa kiwango kinachotokana na uwezo wa familia, na mara nyingi kinabaki cha kujazia. Mume akirudi chuoni akiwa ameshaoa, anayejazia huyo ni mama muuza maandazi, kwa mkopo wa VICOBA. Jina liko kwenye daftari la kikundi, na siku ya marejesho wanaomfuata mlangoni ni wanakikundi wenzake. Deni hilo lilikopwa ndani ya ndoa kwa manufaa ya wote wawili, kwa hiyo linaingia kwenye kifungu cha 114 bila kusukumwa. Daftari lipelekwe mahakamani, na mhasibu wa kikundi aitwe kama shahidi.

Wenzetu Kenya, katika Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, wameweka wazi kwamba deni lililochukuliwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa hubebwa sawasawa. Mahakama yao ya Juu nayo, Januari 2023, ilikataa mgawanyo wa nusu kwa nusu unaokuja wenyewe bila kuthibitisha mchango. Sisi tuna kifungu kizuri, ila kimenyamaza juu ya deni la kabla ya ndoa linalolipwa ndani ya ndoa. Bunge likikigusa kifungu hicho, liongeze sentensi moja juu ya deni hilo.

Bunge likichelewa, wakili hana haja ya kulisubiri. Aombe Bodi taarifa kamili ya mkopo inayoonyesha kila rejesho na tarehe yake, aiweke kando ya tarehe ya ndoa na hati za mshahara za wote wawili, kisha amwombe hakimu aisome pamoja na risiti za saruji.