Bustani ya Viungo Hutayarishwa Kabla ya Masika
Hapana shaka kwamba wengi wetu tukaao pwani, tangu Lamu hadi Unguja, hungoja mvua ya kwanza ya masika ndipo tushikapo majembe, na kwa rai yangu ada hiyo huziharibu bustani zetu za viungo kuliko jua na wadudu. Wakati wa kuitengeneza ardhi ni mwisho wa kaskazi, mwezi wa Februari, udongo ungali mkavu na mwepesi. Maana udongo wetu wa kichanga haushiki maji wala rutuba, na samadi ya ng'ombe au mbuzi, ambayo sharti iwe imeoza hata ikapoteza harufu na kuvunjika mkononi, hutaka majuma kadhaa ichanganyike nao kabla ya mvua kubwa za Aprili. Tuta nalo liinuliwe kadiri ya shibiri moja, mizizi isije ikazama majini.

Mrehani na mchaichai haina taabu: ule hupandwa kwa kijiti kilichokatwa chini ya kifundo, na huu kwa kuligawa shina lenye mizizi. Kotimiri ndiyo itakayo subira. Ile tuiitayo mbegu yake kwa hakika ni tunda lenye mbegu mbili, basi lisuguliwe taratibu chini ya kiganja hata lipasuke, lirowekwe usiku kucha, kisha lifukiwe penye kivuli cha alasiri, kwani joto huuhimiza mmea utoe maua upesi, na majani yakapungua. Nanaa ipewe kopo lake peke yake, kwa kuwa hutambaa chini kwa chini hata ikawanyima wenziwe nafasi.