Tuyahesabu mapaa ya asbesto kabla hayajavunjwa

Neno asbesto lina asili yake katika Kiyunani cha kale, na maana yake ni kisichozimika. Waliochanganya madini hayo na saruji ili kufanyiza mabamba ya kuezekea waliiita bidhaa yao Eternit, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya milele. Majina hayo yalikusudiwa kuwa sifa. Leo hayana budi kusomwa kama onyo.

Hapa nchini, mabamba hayo ya kijivu yaliezekwa kwa miaka mingi juu ya shule, nyumba za watumishi wa serikali na majengo mengine ya umma. Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 ziliiorodhesha asbesto miongoni mwa taka hatari, na mamlaka ya mazingira, NEMA, imetoa mwongozo wa kuiondoa na kuizika. Hata hivyo, sheria haiwezi kumkinga mtu asiyejua kwamba analala chini ya paa la aina hiyo.

Ieleweke kwamba paa lililo zima halina hatari kubwa. Hatari huzuka linapokatwa, linapotobolewa, linaposuguliwa au linapovunjwa. Hapo nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho hupeperuka na kuvutwa pamoja na pumzi, zikakaa mapafuni. Saratani inayosababishwa nazo yaweza kuchukua miaka 20, 30 au zaidi kabla ya kujitokeza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 200,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya asbesto waliyokutana nayo kazini. Huko Casale Monferrato, Italia, palipokuwa na kiwanda cha Eternit hadi 1986, waliougua hawakuwa wafanyakazi peke yao, bali pia wake zao waliowafulia nguo za kazi. Wahenga wetu waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako, hawakujua kwamba siku moja msemo huo ungetimia neno kwa neno.

Basi tutayatambuaje mapaa hayo katika nchi pana kama hii? Kumtuma mkaguzi nyumba kwa nyumba ni kazi ya miaka na gharama kubwa. Wenzetu wametafuta njia nyingine. Kamera maalumu iliyofungwa kwenye ndege hunasa mwanga wa jua unaorudishwa na mapaa, ukiwamo ule usioonekana kwa jicho la binadamu. Asbesto hufyonza baadhi ya miale hiyo kwa namna yake yenyewe, tofauti na bati au kigae, na tofauti hiyo huisaliti. Italia, iliyoipiga marufuku asbesto mwaka 1992, imetumia njia hii kuchora ramani za mapaa katika baadhi ya maeneo yake. Nchini Poland, inayokusudia kuiondoa asbesto yote ifikapo 2032, watafiti wameifunza kompyuta kuyatambua mapaa hayo katika picha zilizopigwa kutoka angani.

Njia hii ina kasoro zake. Paa lililoota kuvu, lililopakwa rangi au lililofunikwa na matawi ya miti laweza kuidanganya kamera. Kwa hiyo picha humwonyesha mkaguzi pa kuanzia. Haichukui nafasi yake.

Kasoro iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, si ya kamera bali ni yetu sisi. Mwaka 2014 jimbo la Free State, Afrika Kusini, lilitoa kandarasi ya randi milioni 255 ili nyumba zenye asbesto zikaguliwe na mapaa yake yaondolewe. Jambo hilo liliishia mbele ya tume ya Jaji Raymond Zondo na hatimaye mahakamani. Kuhesabu mapaa, kumbe, kwaweza kugeuzwa biashara ya wachache, huku mwenye nyumba akibaki na paa lake.

Kwa sababu hiyo, serikali kuu na zile za kaunti zikiamua kuitumia njia hii, nasi twazihimiza ziitumie, matokeo yasifungiwe kabatini wala yasiandikwe kwa lugha ya wataalamu pekee. Orodha ya majengo ibandikwe kwenye ofisi za machifu na katika kila shule inayohusika, kwa Kiswahili kinachoeleweka, ikianza na maneno matatu tu: usikate, usitoboe, usivunje. Fundi wa jua kali anayeitwa Jumamosi kuezua darasa kuukuu anastahili kuyasoma maneno hayo kabla ya kupanda ngazi. Mwalimu mkuu naye anastahili kujua ni nani wa kumwita badala ya fundi huyo, na ni fungu gani litakalomlipa.

Ndege yaweza kuliona paa kwa sekunde chache. Mtoto aliye chini yake huketi hapo miaka mingi.