Haki ya Kutulizwa Maumivu



Katika mashauri yetu na waajiri tumezoea kunena habari za mishahara, saa za kazi na likizo. Leo twanena juu ya jambo ambalo ni nadra kulisikia mezani: maumivu ya mfanya kazi aliyeumia, au aliyetoka kupasuliwa.

Fikirini hali ya ndugu zetu wa Merti. Mtu akivunjika mguu kazini, mara nyingi hana budi kupelekwa Isiolo au mbali zaidi. Mwendo ni wa saa nyingi, na ukiiacha lami kila shimo la njia humfika mgonjwa mfupani. Wenzake humwambia, "Jikaze, mtu mzima halii." Wasema kwa nia njema, lakini waganga waliochunguza jambo hili wameona vingine.

Aliyepasuliwa tumbo, ikiwa anaumia sana, haogopi kilio tu; huogopa kuvuta pumzi na kukohoa. Makohozi hukaa kifuani, na homa ya mapafu huweza kumpata. Haamki kutembea, na damu huweza kuganda miguuni. Tena maumivu mengine yasipotulizwa mapema hukawia miezi hata miaka, na mtu wa kubeba na kuchimba akipatwa na hayo, kazi imemtoka.

Zamani hata watoto wachanga walipasuliwa kwa dawa haba ya kutuliza, kwa kudhaniwa hawahisi. Mwaka 1987 Dk. Anand na wenzake wa Oxford, Uingereza, walionyesha kwamba watoto njiti waliopewa dawa ya kutosha walipata madhara machache baada ya kupasuliwa kuliko wale walionyimwa. Kutuliza maumivu, basi, ni sehemu ya tiba yenyewe.

Wala dawa zote si za bei kali. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2013, juu ya watu waliopasuliwa kutolewa magego ya mwisho, ulionyesha kwamba parasetamoli na ibuprofeni pamoja hutuliza kuliko moja peke yake. Mfupa uliovunjika, ukifungwa banzi vizuri kabla ya safari, huuma kidogo zaidi. Ziko na sindano za ganzi za kufisha sehemu moja tu ya mwili. Na kwa maumivu makali iko mofini.

Juu ya mofini dunia haina haki. Mwaka 2017 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilionyesha kwamba katika tani 298.5 za dawa za namna hii zilizogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Wengine huogopa kwamba mofini humteka mtu. Hofu hiyo ina sababu: huko Marekani, tangu miaka ya 1990, wenye viwanda walizihimiza dawa hizi kupita kiasi, na watu wengi sana wakafa. Lakini kosa la kumwaga dawa ovyo haliponywi kwa kumnyima aliyevunjika mfupa. Jirani zetu wa Uganda, mwaka 2004, waliruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa hasa kuwaandikia mofini wagonjwa mahututi, kwa kuwa madaktari ni wachache.

Twadai nini? Kwa mwajiri: Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamtaka aweke huduma ya kwanza, ampeleke majeruhi kwenye matibabu na kulipa gharama zake. Basi sanduku liwe na banzi na dawa, na awepo mtu aliyefunzwa kuzitumia. Kwa serikali ya kaunti: Katiba, kifungu cha 43, yasema hapana mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Dawa za maumivu zisikatike, mchana wala usiku. Wauguzi hatuwalaumu, nao ni wafanya kazi wenzetu, na muuguzi mmoja hawezi kuwauliza wagonjwa 40 hali zao.

Nanyi wanachama, semeni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapana chombo cha kupima maumivu kuliko neno la mgonjwa. Ukiulizwa yako kiasi gani, toka 0 mpaka 10, taja hesabu ya kweli. Usinunue dawa dukani na kuzichanganya: ibuprofeni na diklofenaki ni za ukoo mmoja, hazimezwi pamoja, wala hazimfai mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo. Na ukiumia kazini, mwarifu mwajiri upesi, maana naye amepewa siku 7 tu kupeleka taarifa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Shime ndugu, jambo hili liingizwe katika madai yetu yajayo.