Sebule Zetu Zinatusema

Wadau, nilikuwa kimya kidogo kwa sababu nilikuwa nahama. Sasa nina chumba na sebule hapa Mpanda mjini, na ugomvi umeanzia humo humo sebuleni.

Rafiki zangu, wasomi kama mimi, walikuja kuniona. Hawakukuta seti ya sofa. Hawakukuta lile bango la maporomoko ya maji na jumba la Ulaya. Walikuta kiti kirefu cha mninga, mkeka wa ukindu na picha moja ya Tingatinga. Mmoja akaniuliza, "Kaka, umefungua duka la watalii?"

Nilicheka nao. Walipoondoka swali likabaki. Tangu lini mti wa kwetu ukawa mali ya mtalii?

Hebu tumkumbuke Edward Saidi Tingatinga, mwana wa Tunduru. Mwaka 1968, akiwa Dar es Salaam, alianza kuchora. Hakusomea sanaa chuo chochote. Alichukua hadibodi, zile zile za kupigia dari, akachora wanyama na ndege kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu, akafa. Miaka minne tu ya kazi! Leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima wa uchoraji, na unajulikana duniani kote. Sisi tunaona ni picha ya wazungu.

Nikiwa chuo nilizoea kwenda Nafasi Art Space, pale Mikocheni, iliyoanzishwa mwaka 2008. Wasanii wanafanyia kazi ndani ya makontena ya mizigo. Kontena lililobeba bidhaa za watu limegeuka chumba cha kuumbia vitu vipya! Kila nilipokwama kuandika nilikwenda kutazama tu. Nilirudi na somo moja: anza na kilichopo mkononi. Ndilo linaloniamsha asubuhi kutafuta habari Katavi wakati wenzangu wanaamini habari zote ziko Dar.

Mtasema tunataka maendeleo. Sawa. Sigombani na sofa laini, kila mtu ana mgongo wake. Nagombana na aibu.

Nakiri, hata mimi nilikwenda kwa fundi na picha kwenye simu, kiti cha nje. Mzee akaitazama, akanirudishia simu. "Mwanangu, wewe unakaaje?" Nikamwambia naandika kompyuta ikiwa mapajani. Akanipima kuanzia goti hadi unyayo, akatengeneza kiti kifupi, kipana, chenye pa kuwekea kikombe. Sijawahi kukalia kitu kilichonijua hivyo.

Kisha akaniambia jambo lililonichoma. Wateja wote wenye elimu wanamletea picha na kusema, "Nifanyie kama hii." Hajatokea hata mmoja wa kumuuliza yeye angetengeneza nini. Alikuwa na vijana wawili wa kujifunza. Mmoja ameshaondoka, anaendesha bodaboda.

Huku malori yanapakia mbao za mninga kwenda kuwa meza za watu wengine. Mkoa wetu ulizaliwa mwaka 2012, nyumba na ofisi mpya bado zinaota. Tukizijaza vitu vya kuiga, mafundi watasahau kubuni, na watoto wetu watakua wakiamini uzuri hushuka kwenye lori kutoka mbali. Hilo si suala la mapambo, ndugu zangu. Ni fikra. Anayeona haya kukalia mti wa kwao ataona haya pia kuandika, kuimba na kufikiri kwa kwao.

Wiki hii nakwenda tena kwa yule mzee, nataka rafu ya vitabu. Safari hii simpelekei picha.

Naomba kutoa hoja.